Muulize Senga: Kisiwani Hakuna Kengele

Kwa msomaji mgeni: senga ni shangazi, dada yake baba, na kwa Waganda ndiye mwenye kibali cha kumwambia binti yale ambayo mama yake anayaonea haya. Kibali hicho nimekipanua. Nashauri ndoa, mirathi, chunusi, mikopo, majirani wenye majogoo na, kuanzia leo, visiwa. Barua zenu ni siri kubwa, ndiyo maana nazichapisha bila majina.

Wapo wanaonung'unika kwamba nashauri kwa Kiswahili hapa Kampala, eti ni lugha ya kambini. Bibi yangu mzaa mama alikuwa wa Tanga, kwa hiyo kambi yangu mimi ilikuwa jikoni. Halafu Julai 2022 baraza la mawaziri lilipitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Sisemi mawaziri walikuwa wakisoma safu hii. Nasema tu safu ndiyo iliyotangulia.

Haya, barua.

*Senga mpendwa, mume wangu amekodi kisiwa Ssese, kitupu, hakina hata choo. Anataka sote watano tukakae wiki tatu za Desemba bila mpishi, bila dereva, bila dada wa kazi, eti watoto wakomae. Mkubwa ana miaka kumi na mitano na hajawahi kumenya ndizi. Mimi mwenyewe sigiri niliwasha mara ya mwisho nikiwa kidato cha pili. Nifanyeje? – Mama wa Muyenga*

Mama wa Muyenga, umebisha hodi kwenye nyumba yenye mwenyewe. Washauri wamejaa mjini humu, kila redio ina wa kwake. Lakini aliyetupwa na dhoruba kwenye kisiwa cha Ssese, akakaa siku nne, akarudi gati la Nakiwogo na kucha zote kumi zikiwa bado na rangi, ni mmoja tu, na picha yake iko juu ya safu hii. Ulikuwa mwaka wa mvua za El Niño. Kisa hicho nitakifikia. Kwanza nikuondolee aibu.

Kulelewa kwa mayai si dhambi, na kuishia kisiwani si balaa jipya. Kabaka Mwanga alikulia ikulu. Mwaka 1889, akiwa amepinduliwa na anapigania kurudi, makao yake yalikuwa kisiwa cha Bulingugwe, kile unachokiona ukienda kwenye harusi za Munyonyo ukakosa kiti cha mbele. Miaka kumi baadaye Waingereza walimkamata pamoja na Omukama Kabalega wa Bunyoro, wakawapeleka wote wawili Shelisheli. Hebu fikiria: ufalme wako na wa jirani zimepigana tangu enzi za mababu, halafu mnahamishiwa kisiwa kimoja! Wewe unalalamika kukaa wiki tatu na mume uliyemchagua mwenyewe. Mwanga alifia huko 1903, na mwaka 1910 mifupa yake ikarudishwa Kasubi. Kabalega aliruhusiwa kurudi 1923, akafia Jinja kabla ya kuiona Bunyoro. Wala usidhani ni mikosi ya kwetu peke yetu. Sayyid Khalid wa Zanzibar, aliyekalia usultani siku mbili tatu Agosti 1896, naye Waingereza walimpitisha St Helena na Shelisheli kabla hajafia Mombasa 1927.

Nilipokuwa mdogo, bibi aliponiambia wafalme walipelekwa Shelisheli, nilidhani ni shelisheli ile ya Tanga, tunda la kuchoma na kulia samaki. Nilimwonea wivu Kabalega kwa miaka mingi. Hilo halina uhusiano na tatizo lako, lakini linaonyesha nilivyokuwa mtoto mwenye mawazo mapana.

Sasa hilo neno "kitupu". Mumeo anakitaja kisiwa kana kwamba kimetoka kiwandani jana, bado kina karatasi yake. Ssese ina visiwa 84, mama, navyo vilikuwa na watu, mashamba na hata mungu wao. Mukasa, bwana wa ziwa, ana patakatifu pake kwenye kisiwa cha Bubembe, na watu walimwendea kuomba samaki, mvua na mapacha. Kisha yakaja malale. Kati ya 1900 na 1920 kandokando ya ziwa, Buganda na Busoga, walizikwa watu zaidi ya 200,000. Mwaka 1903 David Bruce, akifanya utafiti Entebbe, alithibitisha kwamba anayeyasambaza ni mbung'o. Gavana Hesketh Bell akaona kwamba mbung'o hawahamishiki, basi wahame watu. Mwaka 1909 Wasese waliondolewa visiwani wakapelekwa bara. Walipoanza kurudi, miaka ya 1920, walikuta msitu umejikalisha sebuleni.

Kwa hiyo mkikuta kigae cha chungu vichakani, msipige picha na kuandika "paradiso isiyoguswa". Semeni hodi. Hapo palikuwa jikoni kwa mtu.

Tuje kwenye maji, maana najua watoto wataanza kulilia chupa za dukani. Waambie wamekuwa wakilinywa ziwa hilohilo tangu wazaliwe. Maji ya Kampala huvutwa Ggaba yakapandishwa hadi kwenye matangi yaliyo juu ya kilima chenu cha Muyenga. Ndiyo maana wengine wanakiita Tank Hill. Tofauti ni kwamba njiani kuna watu wanaoyasafisha, msiowajua na ambao hamjawahi kuwashukuru. Kisiwani mtu huyo ni wewe. Chuja kwa kitambaa, chemsha yatokote kwelikweli dakika nzima. Kuni zikilowa, tia maji yaliyotulia kwenye chupa za plastiki angavu, zilaze juani saa sita. Kukiwa na mawingu ziache siku mbili. Jua la ikweta linaua vijidudu bure, wala halihitaji tokeni ya umeme.

Na msiogelee penye matete. Humo wanakaa konokono, na konokono ndiye mwenye nyumba wa kichocho: viluwiluwi vyake hutoboa ngozi bila kubisha. Maji ya kuogea yatekeni, yakae kwenye pipa siku mbili, vifie humo. Mimi katika zile siku tatu nilizokaa kisiwani sikuoga kabisa, na mpaka leo daktari wangu anastaajabu nilivyo mzima.

Nasikia unasema: watoto wangu hawataweza. Nenda kawatazame sokwe wa Ngamba. Ni kisiwa kilicho kilomita 23 hivi kutoka Entebbe, kituo kilianzishwa 1998, na sokwe wake wapata hamsini, wengi wao yatima waliookolewa mikononi mwa majangili na wafanyabiashara. Wana msitu wa ekari karibu mia. Sokwe, mama, mtaalamu wa msitu, mwenye mikono minne! Hata hivyo msitu ule hauwatoshi. Kila siku wanaletewa matunda na uji, tena kwa saa maalumu, na saa ikifika wanajua kukinga mikono. Mara ya kwanza kuwaona nilidhani nimeingia kwenye chakula cha mchana Muyenga. Kama sokwe hawezi kisiwa bila mtu wa jikoni, mwanao wa miaka kumi na mitano asijione duni.

Dawa yangu, ambayo nimeibuni mwenyewe na nitaishtaki redio yoyote itakayoiiba, ni Kisiwa cha Nyumbani. Wiki moja kabla ya safari, zima umeme kwenye mita. Funguo za magari zigandishe katika barafu la friji kabla halijayeyuka. Hamieni wote watano kwenye kile chumba cha nyuma alalapo mtunza bustani, naye alale chumbani kwenu. Atawapa maoni kuhusu godoro. Siku ya kwanza, mumeo awashe sigiri kwa njiti moja huku mtoto wa pili akimnyunyizia maji kwa mpira wa bustani, ndiyo mvua. Siku ya pili, askari wa getini ateuliwe Mkuu wa Kisiwa, na chochote kutoka dukani kiingie kwa idhini yake na kwa kubadilishana na kuku. Siku ya tatu, kama walivyosema wazee kuhusu mgeni, wapeni jembe: wachimbe shimo la choo katikati ya maua yako, mbali na kisima na chini ya mteremko. Siku ya nne, fungueni mbuzi barazani, mumkamate bila kumpigia simu mtu yeyote. Siku ya tano mtakuwa hamsemeshani. Hapo mko tayari kwa kisiwa.

Ukihofia chakula, kumbuka senene huja Novemba, na Desemba unaweza kuwa umewakaanga na kuwafunga kwenye kopo. Mimi kwa senene… lakini nafasi haitoshi. Nilishinda mashindano fulani. Waliokuwepo wanakumbuka.

*Mheshimiwa Senga, mimi ni mwanaume kamili na mkurugenzi. Nimekodi kisiwa kwa ajili ya familia. Nimenunua mapanga matatu, wavu na kofia ya kapteni. Tatizo ni mke wangu: ananitazama kama mtu aliyenunua ndege akasahau rubani. Nitamshawishije kwamba najua ninachokifanya? – Kapteni, Tank Hill*

Muyenga tena! Wiki hii kuna kitu kwenye maji ya kilima hicho.

Kapteni, anza na wavu: urudishe dukani. Mwaka 2017 wanajeshi walitumwa kulilinda ziwa dhidi ya uvuvi haramu, na mputa, yule ambaye Watanzania wanamwita sangara, haruhusiwi kuvuliwa akiwa chini ya sentimita 50. Utaondoka mkurugenzi urudi mahabusu. Tena mputa mwenyewe ana funzo kwako. Si mwenyeji. Alitiwa ziwani miaka ya 1950, akafika kwa adabu, akanenepa, kisha akawageukia nkejje na wadogo wengine waliokuwamo akawala. Leo ndiye anayepanda ndege kwenda Ulaya. Ni mgeni wa mfano mbaya. Kisiwani usiwe mputa.

La pili, usivuke usiku. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, upepo ukatoka kila upande kuelekea ziwani. Ukikutana katikati hauna pa kwenda ila juu, na juu ndiko mvua na radi zinakotengenezwa. Ndiyo maana dhoruba za Nalubaale, ziwa letu hili, hupenda usiku wa manane mpaka alfajiri, saa ambazo kapteni mwenye kofia mpya huwa na ujasiri mwingi kuliko akili. Usiku ule wangu wa pili, ambao pia ulikuwa wa mwisho, radi ilipiga mti hatua ishirini kutoka nilipolala. Niliikemea. Haikurudi.

Hapa sasa sitanii. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa karibu kufika Mwanza, na mamia walikufa. Novemba 2018 boti ya starehe iliyobeba watu wa kwetu, wa Kampala, ilizama upande wa Mukono, na zaidi ya 30 hawakurudi. Kila mmoja avae koti la kuokolea, mkubwa na mdogo, tangu gatini, likiwa limefungwa. Boti ikijazwa kupita kiasi, shukeni. Watakaowacheka watawacheka mkiwa nchi kavu.

Nikirudi kwenye kofia yako: ukitafuta shujaa wa kuiga, yupo Alexander Selkirk, baharia Mskoti. Mwaka 1704 aligombana na nahodha wake, akashikilia kwamba meli imeoza, akasema bora aachwe kisiwani kuliko kuendelea nayo. Wakamwacha, kwenye visiwa vya Juan Fernández, mbele ya pwani ya Chile. Inasimuliwa kwamba meli ilipoanza kuondoka alijuta na kuita, lakini nahodha alikuwa kiziwi wa makusudi. Miaka minne na miezi minne alikimbiza mbuzi kwa miguu, akafuga paka ili panya wasimtafune vidole usiku. Aliokolewa Februari 1709, miaka 200 kabla ya Wasese kuondolewa kwao. Historia ina mizaha yake. Na ile meli kweli ilizama! Umeona? Alikuwa sahihi, lakini kwa miaka minne hakuwapo hata mtu mmoja wa kumwambia "kumbe ulisema kweli". Ushindi wa ubishi bila mke wa kuukubali ni nyama ya mbuzi bila chumvi.

Unataka mkeo akuamini? Mwambie hujui. Mwanaume anayesema "sijui" huko Tank Hill atapewa nishani. Mimi mwenyewe sijawahi kulitumia neno hilo, kwa kukosa nafasi ya kulitumia, lakini nimeliona likifanya maajabu kwa wengine. Kisha mtafute anayejua.

Anayejua ni nani? Wavuvi wapo, Kapteni. Kutoka Nakiwogo mpaka Lutoboka, huko Ssese, kuna meli ya abiria, na kutoka hapo utawakuta watu waliokula, kuoga na kulea watoto visiwani maisha yao yote, bila kuiita likizo. Mlipe mmoja. Muulize upepo, muulize nyoka, muulize mahali pa kulala. Halafu fanya jambo gumu kuliko kukamata mbuzi: nyamaza anapojibu.

*Senga, shikamoo. Nafanya kazi za ndani Muyenga. Mabosi wangu wanakwenda kisiwani Desemba, mimi nimeambiwa nibaki na mbwa. Lakini mimi nimezaliwa Kalangala, baba yangu mvuvi. Kisiwa walichokodi nakijua. Pale walipochora kwenye ramani kwamba watapiga hema ni penye matete, konokono tele, na viboko hupanda hapo usiku kula majani. Hakuna aliyeniuliza. Nikisema, wataona najitia ujuaji. Nifanye nini? – Dada, jikoni*

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako nikaweka kalamu chini. Kisha nikaiokota, maana nalipwa kwa neno.

Nina deni la kumalizia kisa. Ule mwaka wa El Niño, boti haikutupwa na dhoruba. Iliishiwa mafuta, kwa kuwa tuliopanda tulichangia bia kabla ya kuchangia petroli. Siku nne zilikuwa usiku mmoja. Kisiwa kilikuwa na kibanda cha wavuvi, chenye mabati. Sote tulikuwa watu wa mjini, tumevaa vizuri, na kati yetu alikuwamo msichana aliyeletwa kumbeba mtoto wa mtu. Yeye ndiye aliyetuhamisha kutoka kwenye matete tulipokuwa tumetandika shuka. Alipasua gogo lililolowa akatoa ukavu wa ndani, akawasha moto, akateka maji mbali na ukingo, akachemsha. Radi ilipopiga, alituambia tutoke chini ya mti. Nami nilikuwa nimemwambia nini? Nilimwambia chai imechelewa.

Jina lake sikuuliza. Kisa nimekisimulia harusini mara nyingi sana, na kila nikisimulia yeye hayumo. Leo nimemweka.

Kwa hiyo sikiliza. Usiseme jioni, wakati wamechoka. Sema asubuhi, mama akiwa anakunywa chai yake ya kwanza, na usianze na konokono. Anza hivi: "Mama, pale mlipochora hema, baba yangu hawezi kulala." Nyamaza. Ataweka kikombe chini. Akikuuliza umejuaje, mwambie. Akisema njoo nasi, uliza kwanza: kama nani? Kazi ya kupika na kufua kisiwani ni bei moja. Kazi ya kuwafundisha watu watano wasife ni bei nyingine, na hulipwa kabla ya boti kuondoka, kwa sababu nchi kavu watu husahau upesi. Na mbwa wabaki na yule mkuu wa kisiwa aliye getini.

Nilitaka kuongeza ya nyoka na ya uyoga, na jinsi nilivyowahi kumtibu… basi. Bodaboda ya kunipeleka redioni iko nje inapiga honi, na leo mgeni wa kipindi ni mimi.

Ila mhariri amenishika mkono mlangoni. Anasema barua zote tatu zimetoka nyumba moja, bahasha zina anwani ileile. Mimi siri ni siri, wala sijataja mtu. Nasema tu kwa yeyote wa Tank Hill aliyenunua kofia mpya: kabla ya kuivaa, nenda jikoni ukapime kama inamkaa mwingine.